Reli Niliyoichomelea

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga hakipo tena nyumbani kwangu Chemchem. Najua wawili kati yenu mlipita Jumapili, mkakuta kigoda mahali pake, mkatazamana bila kuuliza. Mkadhani nimekiuza. Sijakiuza, kimekwenda Ulyankulu. Kabla sijawaeleza kwa nini, itabidi mnivumilie nianze mbali, maana nyie wenyewe mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi karakana miaka yote ile, na siku hizi nikiulizwa najibu yote. Zamani nilikuwa najibu nilichoulizwa tu. Kwa tabia hiyo nilimfukuzisha kazi mtu asiye na kosa.

Nilipoingia karakana nilikuwa sijui hata boneti inafunguliwa wapi, lakini nilitaka injini. Kila anayeanza anataka injini, kwa kuwa inanguruma na wenye magari wanaiinamia kwa heshima. Msimamizi alinitazama mikono, akaona natumia wa kushoto, akasema upande wa injini umejaa, niende nyuma kwa Fundi Mrisho, kwenye siti. Nilikaribia kulia. Nilijiona nimepelekwa kushona mito.

Fundi Mrisho alikuwa mzee mfupi wa Mtendeni, mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe enzi fulani. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanionyesha siti ya dereva iliyokuwa imefungwa juu ya meza ya chuma, na mbele yake pedeli ya breki iliyotolewa kwenye lori bovu.

"Kaa. Kanyaga mpaka chini."

Nikakanyaga. Akapitisha mkono chini ya paja langu, akagusa nyuma ya goti.

"Limenyooka kama fimbo. Siku ng'ombe akikatiza mbele yako utamgonga, kwa sababu nguvu zako zimeishia hapa."

Akavuta kile chuma cha mbele, chini ya siti, akanisukuma mbele pamoja na siti yenyewe mpaka loki ikaingia. Akaniambia nikanyage tena. Safari hii goti lilikuwa limekunjika kidogo, na mguu ulikuwa na nguvu mpaka pedeli ilipogota. Mzee akaondoa mkono wake. "Hiyo ndiyo kazi yetu," akasema. "Mto na kitambaa ni mapambo."

Kwa wale mliokuja juzi na bado mnadhani reli ya siti ni kitu cha kupuliza vumbi tu: ni vyuma viwili vinavyokumbatiana. Cha chini kimefungwa kwenye sakafu ya gari, cha juu kimebeba siti, katikati zinatembea gololi. Loki ina meno yanayoingia kwenye matundu ya chuma cha chini. Siti moja ina reli mbili, kushoto na kulia, na loki zote mbili lazima ziingie kwa pamoja. Fundi Mrisho alikuwa anafumba macho, anarudisha siti, anasikiliza. Mlio mmoja, gari linaondoka. Milio miwili, maana yake loki moja imechelewa, fungua upya. Nilidhani anaringa. Baada ya miaka mitatu nami nikawa nafumba macho, na wale wa injini wakawa wananicheka.

Alinikataza grisi. Barabara zetu mnazijua. Vumbi la njia hii ya kwenda magharibi lilishaingia puani mwa wapagazi tangu enzi za misafara, na sasa linaingia kwenye reli zetu. Ukipaka grisi nzito vumbi linaganda, na gololi zinasaga uji wa mchanga mpaka reli inakula yenyewe. Brashi ya waya, mafuta ya taa, kitambaa kikavu, basi. Babu yake Fundi Mrisho alikuwa mpagazi. Mzee alipenda kutuambia kwamba mzigo mzito uliochukuliwa na watu wawili kwenye mti mmoja, watu hao walichaguliwa wenye urefu sawa, kwa sababu akiwa mmoja mfupi anaumia yeye peke yake. Alikuwa anatuambia hivyo kila tulipotaka kurudisha gari bila kumpima dereva wake. Nilikuwa nimeshachoka kuusikia msemo huo.

Mambo tuliyoyatoa kwenye reli yangejaza duka dogo. Vifungo, maganda ya karanga, kijiko, hirizi, jino la mtu. Padri mmoja wa Urambo alituletea gari lake akilalamika kwamba siti inarudi nyuma kila anapopanda mlima, na kwa kuwa Urambo haina milima ya kusema, wenzangu wa injini walimwona ana mawazo mengi. Fundi Mrisho alinilaza sakafuni nyuma ya siti, akamwomba Padri aendeshe kuzunguka mji. Nilimeza vumbi la Tabora nzima, lakini niliona: loki ya kushoto ilikuwa inaingia nusu na kutoka. Ndani ya tundu kulikuwa na punje ya rozari. Padri aliipokea kwa mikono miwili, akasema alikuwa ameitafuta tangu Kwaresma. Hakutoa shukrani kwetu, alizielekeza juu.

Fundi Mrisho alipostaafu hakupewa kiti wala hotuba. Aliniachia brashi yake ya waya iliyobaki nusu, akaniambia jambo moja: siti ya dereva usiichomelee hata siku moja, hata akikuamuru nani. Nikamjibu, "Hata siku moja, mzee." Alifariki kabla ya masika yaliyofuata, na nashukuru hakuyaona yaliyokuja.

Yaliyokuja yalikuja taratibu. Reli mpya zikawa haziletwi. Tukiandika maombi yanarudi na alama ya kalamu nyekundu. Meneja wa wakati ule, Bwana Sudi, ambaye wengi wenu hamkumkuta, alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi, haingii nyuma kwetu bila kuikunja. Karakana ilikuwa pia na magari na madereva wake, na siku moja ikaja pikapu yetu ya safari za shambani ambayo meno ya loki yake yalikuwa yamelika yote. Dereva wake alikuwa Masanja, Msukuma mrefu ambaye magoti yake yaligusa usukani hata siti ikiwa nyuma kabisa. Nilimwambia Bwana Sudi gari lisitoke bila reli mpya.

"Masanja ndiye anayeliendesha, sivyo?"

"Ndiye."

"Na hapa kila dereva ana gari lake, sivyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi irudishe nyuma kabisa, ichomelee. Unataka isogee iende wapi?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na ndio uliotuponza: dereva na gari ni kama mtu na kofia yake, habadilishi mpaka mmoja achakae. Kwa hiyo nilijiambia ni sawa. Nilichukua mashine, nikachoma pointi nne, mbili kila reli. Mimi ni wa kushoto, na mchomeleo wangu unamalizika upande ambao wa mtu mwingine unaanzia, kwa mkia mdogo uliopinda. Nilifanya kazi nzuri, nasema kwa uchungu. Siti ile isingesogea hata ungeifunga trekta. Baada ya hapo nilichomelea nyingine, na nyingine, na nikaacha kuzihesabu.

Sasa niwaambie kuhusu Goreti.

Goreti alitoka Ulyankulu, katika zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa gari pale kwetu. Mfupi, mwenye nguvu za mkulima, na aliijua barabara kuliko wanaume waliokuwa wanamsema. Siku yake ya kwanza nilimpima kwenye gari dogo alilopewa. Nilipomwambia akanyage breki nikapitisha mkono nyuma ya goti, alicheka mpaka akashika usukani. "Shikamoo fundi, hivi ni daktari au fundi?" Nikamweleza habari za Fundi Mrisho. Tangu siku ile, kila alipoleta gari alikaa mwenyewe, akanyoosha mguu, akaniita: "Njoo unipime!" Nilimpenda kama mtoto wa ndugu yangu.

Kisha Masanja akahamishiwa kwenye lori, na Bwana Sudi akampa Goreti ile pikapu. Kofia ilibadilishwa kichwa na hakuna aliyekumbuka. Siku ya tatu akaja nyuma kwangu.

"Fundi, shikamoo. Siti haisogei."

"Marahaba. Imechomelewa."

"Na nani?"

Nilikohoa. Nikamwambia ni maagizo ya ofisini. Hakuuliza mara ya pili, alinisubiri tu niseme la kufanya. Nilikwenda kwa Bwana Sudi, nikamwomba nikate ile michomeleo na tutafute reli hata kwenye gari lililokufa. Akasema pikapu inatakiwa ifike kijiji cha Choma kesho yake, nimshonee Goreti mto wa mgongoni. Nikamshonea. Nilichukua sponji ya godoro, nikaivisha kitambaa cha buluu, nikatia na kamba za kufungia. Goreti alikaa, mguu ukafika, akashukuru. Hakuniita nimpime, na mimi sikujitolea, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Hapa ndipo nataka kila mmoja wenu asome polepole. Mtu anapokanyaga breki kwa nguvu anajisukuma nyuma. Nyuma yake kukiwa na chuma na mto mgumu wa siti, nguvu inarudi kwenye mguu. Kukiwa na sponji, sponji inabonyea, mgongo unarudi, na mguu unaiacha pedeli kabla haijafika chini. Kwa breki ndogo za mjini hutaliona hilo. Utaliona siku moja tu. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye siti na sikuhitaji mtu wa kunifundisha hilo. Nilishona mto ule nikijua.

Ilikuwa karibu na Choma, adhuhuri, barabara ya vumbi. Ng'ombe walikatiza, na nyuma yao mchungaji, mtu mzima mwenye wajukuu. Goreti alikanyaga. Gari lilipunguza mwendo lakini halikusimama, likapita kati ya ng'ombe wawili na kumgonga yule mzee. Hakufa. Alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea kwa mkongojo. Goreti ndiye aliyempakia na kumfikisha hospitali, akiendesha gari lile lile.

Pikapu ilivutwa kutoka hospitali mpaka karakana siku iliyofuata. Kabla mtu yeyote hajaikagua, niliingia, nikafungua kamba, nikautoa mto wa buluu. Niliutia kwenye pipa la kuchomea matambara, nikasimama pale mpaka ukaisha. Sikuamriwa na mtu. Bwana Sudi nina mengi ya kumlaumu, ila hili ni langu.

Kwenye kikao tulikaa upande mmoja wa meza, mafundi na meneja, na Goreti peke yake upande wa pili. Mwenyekiti aliniuliza swali moja.

"Fundi Maganga, breki za gari zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

Na kweli zilikuwa nzima. Goreti akanitazama, akasubiri kama alivyonisubiri siku ile ya siti. Mwenyekiti akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Goreti akasema mguu haukufika, Bwana Sudi akamkatiza kwamba amekuwa akiendesha gari hilo siku zote hizo na mguu ulikuwa unafika. Wakaandika kwamba dereva alichelewa kukanyaga breki. Mmoja akaongeza, kwa sauti ya kuchekesha, kwamba wanawake huwa wanaogopa ng'ombe. Watu walicheka, na mimi nilitabasamu. Akaachishwa kazi, leseni ikachukuliwa, akarudi Ulyankulu.

Miaka saba niliendelea kuja kazini. Mkinisalimia naitika, mkiniita mwalimu naitika pia. Niliwafundisha brashi ya waya na mafuta ya taa, nikawafundisha kusikiliza mlio mmoja. Mkiniuliza mbona sijawahi kuwafundisha kumpima dereva, nawajibu leo: nisingeweza kushika goti la mtu bila kumkumbuka yeye. Nikawanyima nyie jambo la maana kuliko yote kwa ajili ya aibu yangu.

Ndipo ikaja siku ya kuniaga. Chai, maandazi, hotuba ya meneja mpya ambaye alinisifu kwa miaka mingi ya utumishi usio na doa. Kisha mkaleta kiti. Mlikuwa mmekitoa kwenye magari yaliyokufa nyuma ya uzio, mkakiosha, mkakivika ngozi nyekundu, mkakiweka na reli zake juu ya fremu ya mbao. Mshono wa kushoto ulipinda kidogo lakini sikusema. Mkapiga makofi nikae. Nikakaa, na kwa mazoea mkono ukashuka chini kutafuta kile chuma cha mbele. Nikakivuta, siti haikusogea. Mmoja wenu akacheka, "Hicho kimegoma, fundi, tumeshindwa kukifungua!" Vidole vyangu vikateleza kwenye reli. Pointi mbili huku, mbili huku, na mkia mdogo umepinda kuelekea upande wangu. Nyuma ya uzio pikapu iliyokufa ilikuwa moja tu, ile ya Goreti.

Mliona machozi, mkadhani ni ya furaha. Mlikuwa hamjui, na siwalaumu hata kidogo.

Wiki ile ile nilikwenda ofisini nikasema kila kitu nilichokiandika hapa. Meneja mpya alinisikiliza kwa adabu, akaniambia faili lilishafungwa na mimi nimeshastaafu, nikapumzike. Kwa hiyo nawaambia nyie. Pale uani bado kuna pikapu mbili zenye mkono wangu chini ya siti za madereva. Chukueni grenda mkate. Akiwauliza mtu kwa amri ya nani, mtajeni Maganga.

Nilipata pikapu ya mtu aliyekuwa anafuata mahindi Ulyankulu, nikakipakia kiti. Nyumba ya Goreti ina uwanja uliofagiliwa vizuri. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Ameongezeka umri, kuliko miaka saba inavyostahili. Miaka yote ile karakana hakuwahi kunisalimia bila shikamoo.

"Habari yako, Fundi Maganga."

"Nzuri," nikasema, kwa kuwa sikuwa na haki ya kudai zaidi. "Nimekuletea kiti."

"Nakiona."

"Ni kile cha gari lako. Aliyekichomelea ni mimi. Mto niliushona mimi, na niliutoa mimi kabla ya kikao, nikauchoma moto. Nilijua mguu haukufika na sikusema. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kupukuchua gunzi mpaka likaisha, akachukua jingine.

"Watu wote walisema nilichelewa," akasema. "Hata mama. Wamesema mpaka na mimi nikaanza kusema. Nikikaa hapa na mahindi, mguu huu wa kulia unakanyaga chini wenyewe. Nikipalilia, unakanyaga. Miaka saba najaribu kuwahi." Akaliweka gunzi chini. "Msamaha sina, fundi. Usinidai kitu ambacho sina."

Nikasema nimeelewa. Nikageuka kuondoka, mwenye pikapu alikuwa anapiga honi.

"Subiri. Ulikuwa unatupima. Nipime."

Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kile kiti chekundu, mgongo umegota nyuma. Nilitafuta tofali, nikalisimamisha mbele yake pale ambapo pedeli ya pikapu ile inaishia ikikanyagwa mpaka chini. Umbali huo naujua bila futi. Nikapiga magoti vumbini.

"Kanyaga mpaka chini," nikasema.

Akanyoosha mguu. Nikapitisha mkono nyuma ya goti, lilikuwa limenyooka kama fimbo. Kati ya kidole gumba cha mguu wake na tofali ilibaki nafasi ya vidole vyangu vinne.

"Sema," akasema. "Kwa sauti. Mama yuko ndani."

"Haufiki," nikasema. "Mguu haufiki kwenye breki. Goreti hakuchelewa."

Ndani ya nyumba sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Huyo mtu anasemaje?"

Goreti hakuuondoa mguu wake. Alikuwa ananitazama vile vile kama kwenye kikao.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.